Siku Hiyo Mie Siendi

Kikoba cha wauza mboga wa soko la Lushoto kilimaliza mzunguko wake mwezi wa Juni. Baada ya kugawana, likabaki salio ambalo lilikuwa dogo mno kugawanywa na kubwa mno kuachwa bila kazi. Wanachama saba, wanaume watupu, wakaamua wakavue baharini. Hawakutaka kuokota pweza kwenye mwamba maji yakipwa, wala kuburuza chambo cha jodari nyuma ya boti. Walitaka samaki wa chini: changu, kelea, chewa, wale ambao unashusha mshipi mpaka chubwi ligonge mwamba, halafu unangoja.

Majina yao hayana kazi hapa, tuwaite kwa shughuli zao. Alikuwapo Mhazini, mwenye daftari. Mwalimu mstaafu anayelima kabichi. Fundi wa cherehani. Dereva wa Noah ya kwenda Mombo. Mwenye duka la mbegu na mbolea. Na madalali wawili wa nyanya, vijana, ambao ndio walioleta wazo lenyewe.

Msambaa na bahari hawajazoeana. Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi kule Vugha, alikuja milimani akiwa mwindaji wa nguruwe, na watu walimpenda kwa nyama aliyowagawia. Ukisimama Irente ukatazama chini, macho yanatua kwenye tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge. Bahari huioni. Samaki anayepanda barabara ya Mombo na Soni hadi sokoni Lushoto mara nyingi ni mkavu, na mnunuzi hana haja ya kujua alivuliwa upepo gani ukivuma.

Hata hivyo walipanga vizuri. Nasisitiza hili kwa sababu hadithi za ajali hupenda kuwasingizia watu ujinga. Daftari la Mhazini lilikuwa na mafuta ya gari, nyumba ya kulala wageni Pangani, chakula, nyuzi za nailoni, ndoana za namba mbili tofauti, chubwi, deli mbili za barafu, hata dawa ya kichefuchefu. Mwenye hoteli mmoja mjini alikwisha kuagiza kilo 20 za changu, na majirani nao walikuwa wamejiandikisha. Samaki wale walikwisha kugawanywa wangali wanaogelea. Kila kitu kiliandikwa isipokuwa upepo.

Siku waliyoichagua ni Nanenane. Kwa mkulima wa Lushoto hakuna siku iliyo safi zaidi: sikukuu ya taifa, soko limepoa, kila mtu ana ruhusa nyumbani. Tuseme ilikuwa Nanenane ya mwaka 2021, iliyoangukia Jumapili.

Mhazini alipewa na shemeji yake namba ya nahodha mmoja wa Pangani, mzee aliyezaliwa na kuzeekea chomboni. Siku hiyo simu yake haikuwa na chaji, akaazima ya Dereva. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliuliza swali moja kabla ya kutaja bei.

"Siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?"

"Wa nane, mzee."

"Wa nane? Mie nahesabu utakuwa umefichika."

Pakawa kimya kidogo. Mhazini akafafanua kwamba ni tarehe nane, mwezi wa nane, Nanenane. Mzee akacheka, si kwa dharau, akasema: "Mwanangu, siku hiyo mie siendi. Kusi imekaza, na maji ni bamvua. Njooni matlai, mwezi ukiwa wa nane au wa tisa, nami nitawapeleka kwa laki tatu na nusu, mafuta humo humo."

Mhazini alikata simu akawaambia wenzake kwamba mzee yule anaringa.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu katika sentensi mbili mzee alikuwa amewapa elimu nzima ya kupanga safari ya mshipi, bure. Kusi ni upepo unaotoka kusini kuanzia Aprili hivi, hukaza Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea. Baina ya Oktoba na Novemba huja matlai, kipindi cha upepo mwepesi, na ifikapo Desemba kaskazi huingia. Wakati wa kusi mawimbi hutembea kutoka bahari kuu bila kizuizi, na mkondo wa pwani yetu, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima, huongezeka kasi. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa katika kilele chake, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali na bahari chafu. Ile ilikuwa meli ya abiria, na watu wa Pangani hutoka na boti za faiba.

Na bamvua je? Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi hukaa mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani ya Tanga tofauti ya kujaa na kupwa katika siku hizo hukaribia mita nne, na maji yote hayo hupita ndani ya saa sita tu. Mwaka 2021 mwezi mpya uliingia tarehe 8 Agosti hiyo hiyo. Kwa anayevua samaki wa chini hilo ni baya mara mbili. Kwanza, mshipi haushuki wima. Mkondo unauchukua, chubwi linaelea mbali na mwamba, na samaki aliyejibanza kwenye pango lake hatoki kufuata chambo kinachopita mbio. Pili, nahodha atajaribiwa kutia nanga mahali ambapo asingetia. Ndiyo maana wavuvi wa mshipi hupenda maji mafu, siku za mwezi nusu, maji yanapotembea pole pole.

Madalali wa nyanya, watu waliozoea kwamba kila bei ina mpinzani wake, wakapata nahodha mwingine kwa siku moja. Kijana. Alitumiwa picha ya mahitaji yao naye akarudisha picha ya boti nyeupe yenye kivuli, ikiwa ufukweni na bahari shwari nyuma yake. "Hamna noma, mabosi. Nanenane poa kabisa." Laki mbili. Nusu ikatumwa kwa simu jioni ile ile.

Kijana huyo hakuwa mhuni. Alijua kuvua, alijua miamba ya karibu, na alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Lakini arubuni ilikwisha kununuliwa unga na mafuta ya taa, na mtu aliyekwisha kula arubuni hana ulimi wa kukuambia kwamba upepo umebadilika. Walichokinunua kwa laki mbili ni nahodha asiyeweza kukataa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bidhaa ghali kuliko zote zinazouzwa ufukweni.

Jumapili alfajiri boti iliyowasubiri haikuwa ile ya picha. Ilikuwa fupi, haina kivuli, ina mashine moja ya nguvu za farasi 15. Ndani wangekaa watu tisa pamoja na nahodha na msaidizi wake. Majaketi ya kujiokolea yalikuwa manne, moja halina mikanda. Mwalimu aliuliza mengine yako wapi. Akaambiwa yanazuia mikono wakati wa kuvuta samaki. Mwalimu, mtu aliyesimamia mitihani miaka yote ile bila kukubali jibu la namna hiyo, safari hii alilikubali, kwa sababu wenzake walikwisha kupanda na yeye hakutaka kuonekana mwoga.

Walitoka saa kumi na mbili asubuhi, maji yakipwa. Mlangoni mwa Mto Pangani, mto ulikuwa unasukuma maji kwenda nje na mawimbi ya kusi yakisukuma kuja ndani, na pale yanapokutana bahari husimama wima. Madalali wote wawili wakaanza kutapika kabla jua halijapanda. Wakapita. Nahodha akaelekea nje, upande wa kaskazini, mpaka mahali alipokadiria pana pima 25 za kina, mwamba chini.

Mishipi ilishuka, haikufika. Walifunga chubwi la pili, likachukuliwa nalo. Ndipo kijana akatia nanga. Omo ilikuwa imejaa deli na mabegi, kwa hiyo kamba ya nanga ikafungwa nyuma, tezini, karibu na mashine. Kamba yenyewe ilikuwa ya pima 40. Nanga ishike na boti icheze kwa raha, kamba hutakiwa iwe angalau mara tatu ya kina, na bahari ikichafuka hata mara tano au zaidi. Yaani hapo walihitaji pima 75 kwa uchache. Na nanga hufungwa omo. Omo imechongwa ipasue wimbi. Tezi ni bapa, ni ya chini, na imebeba uzito wa mashine. Boti iliyofungwa kwa tezi hulielekezea wimbi mahali pake dhaifu kabisa, tena huku ikivutwa chini na kamba isiyo na nafasi.

Kwa muda mambo yalikwenda. Fundi akapata changu wawili wadogo, Mwenye Duka akapata kelea mmoja mwekundu, wakapiga picha. Kisha wimbi la kwanza likaingia, likawafika kwenye vifundo vya miguu. Kijana akasema watang'oa nanga. Nanga ilikuwa imenasa mwambani. Akawasha mashine, akavuta, tezi ikazidi kuzama, wimbi la pili likaingia na mashine ikanyamaza. Yule kijana hakujua afanye nini. Alikuwa anavuta kamba kwa mikono huku akimwita Mungu. Fundi, ambaye maisha yake yote ni kukata, akachukua kisu cha chambo akaikata ile kamba.

Hilo ndilo lililowaokoa. Boti iliinuka, ikageuka ubavu, ikaanza kuchukuliwa. Deli zilizobebwa kwa ajili ya kilo 20 za changu zikatumika kufulia maji, zamu kwa zamu, barafu ikiwa imemwagwa baharini.

Walichukuliwa kaskazini saa nyingi. Ufuko walikuwa wanauona: minazi, halafu mikoko, halafu minazi tena, ikipita. Simu karibu zote zilikuwa zimelowa. Ya Dereva ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa mazoea ya mtu anayesafiri na mvua za Magamba, nayo ilikuwa na mtandao. Sasa ampigie nani? Hakuna mtu nchi kavu aliyekuwa ameachiwa majina yao, wala mahali wanapokwenda, wala saa ya kurudi. Namba ya polisi, 112, haikumjia mtu kichwani. Ila katika simu ile ilikuwamo namba ambayo Mhazini aliwahi kuipiga mwezi wa Juni kwa kuazima. Wakampigia mzee aliyewakatalia.

Mzee hakutoa lawama. Aliuliza wanaona nini nchi kavu, wametoka wapi, saa ngapi mashine ilizimika. Akahesabu, akawapigia wenzake wa Kigombe. Saa kumi na moja jioni mashua ya wavuvi wa Kigombe ikawafikia, watu tisa wazima, mmoja akiwa na ndoana imezama kwenye kiganja.

Usiku ule walilishwa wali na mchuzi katika nyumba ya mmoja wa wavuvi, na hapo ndipo walipojua jambo jingine ambalo daftari halikuwa nalo. Kuanzia kaskazini ya mlango wa Pangani kwenda Tanga, bahari waliyokuwa wakivua ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na mgeni haingii tu kuvua bila kuuliza kibali. Mwenyeji wao alieleza habari za silikanti kama mtu anayeeleza habari za jirani mgumu. Wataalamu walidhani samaki huyo alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini Desemba 1938 na Marjorie Courtenay-Latimer akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Visiwa vya Ngazija vikafuata mwaka 1952. Kwetu Tanzania alionekana 2003 upande wa Kilwa, na kuanzia mwaka uliofuata wavuvi wa Tanga waliokuwa wakishusha majarife ya papa kwenye kina kirefu wakaanza kumpata mara kwa mara. Hakuna aliyemtaka. Nyama yake mbaya, imejaa mafuta. Alikuja mwenyewe kwenye nyavu kwa sababu nyavu zilifuata chini zaidi na zaidi baada ya maji ya juu kuisha samaki, na baruti ina sehemu yake katika kuisha huko.

Akaongeza habari ya chewa, na hii ndiyo ambayo Mwalimu aliiandika kwenye kikaratasi. Chewa hukua pole pole, na aina nyingi huanza maisha zikiwa majike, baadhi yao wakageuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwatoa wale wakubwa unaojivunia kwenye picha, umetoa madume ya mwamba ule. Wala huwezi kusema nitampata kisha nimrudishe. Samaki aliyevutwa haraka kutoka pima 25 hufika juu kibofu chake cha hewa kimevimba, tumbo limesukumwa mdomoni, macho yametoka. Ukimtupa majini anaelea mpaka mwewe amwone. Kwa samaki wa chini idadi unaipanga kabla ya kushusha mshipi, na ukiifikia unakunja uzi, hata kama wanakula vizuri. Ndiyo kusema mwenye hoteli anayeagiza kilo 20 amekwisha kukupangia vibaya.

Mtu anaweza kusema, mbona hawakufa? Mbona wengi hutoka Nanenane wakarudi na ndoo imejaa? Ni kweli. Kusi haiui kila siku. Ipo siku ya Agosti ambayo bahari imelala, na Mamlaka ya Hali ya Hewa itakuambia hivyo, maana hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kila siku bila malipo. Lakini siku hiyo haijui kwamba ni sikukuu. Ukishalipia nyumba ya wageni, ukaomba ruhusa nyumbani, ukachukua oda za watu na kutuma arubuni, basi ile asubuhi hutazami bahari tena, unatazama hasara. Ndivyo ilivyokuwa kwao pale mlangoni mwa mto, mawimbi yakiwa yamesimama mbele yao. Wote tisa waliyaona.

Walirudi Pangani tarehe 13 Novemba mwaka ule ule, Jumamosi, siku mbili baada ya mwezi nusu. Walikuwa watano, madalali walisema wamekoma. Mzee alitoa masharti kabla ya kupokea senti. Siku anaitaja yeye. Wakifika naye akaona hapana, ni hapana, watakunywa chai warudi kwao. Akiwa baharini akasema turudi, hakuna mjadala, na pesa yake atapewa kamili. Arubuni hakuitaka. Alitaka Mhazini aende kwanza ofisi ya uvuvi aulize leseni na kibali, na kila mtu aje na jaketi analoweza kulivaa akavua, na majina yao yaachwe kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni pamoja na saa ya kurudi.

Mhazini akayaandika yote. Ukurasa ulikuwa mfupi kuliko ule wa Juni.

Nanga ilifungwa omo, kamba ndefu. Mishipi ilishuka wima, na ilipofika saa tano mzee akasema inatosha. Samaki waliopatikana walitosha nyumba tano na sahani ya mzee. Walipandishwa Lushoto kwenye barafu, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na hoteli ikanunua kuku.

Wewe uliye Lushoto, Bumbuli au Mlalo na unayepanga safari kama hii, mpigie nahodha leo kabla hujamwambia tarehe. Muulize yeye ni siku gani angekupeleka. Umuulize pia mwaka huu amekataa watu mara ngapi, na kama hajakataa hata mara moja, tafuta mwingine. Nanenane nenda maonesho.